Mpira wa Karoo Kwenye Kibaraza cha Arusha

SWALI

Ndugu Mshauri, mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Arusha upande wa Ngaramtoni. Miaka miwili iliyopita kijana wangu aliniletea kutoka Nairobi mmea mdogo wa ajabu, mviringo kama mpira wa tenisi, hauna majani wala miiba. Una matuta manane yanayoshuka kutoka juu hadi chini, na katikati yake michirizi ya zambarau kama kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Aliyemuuzia alisema unaitwa Euphorbia obesa na kwao ni Afrika Kusini.

Nimeupenda kuliko maua yangu yote. Kila asubuhi nikimwagilia waridi, nao huupa kikombe chake. Lakini tangu masika yaishe naona mambo mawili. Chini, karibu na udongo, umegeuka kahawia kama gome la mti. Tena upande mmoja umebonyea. Jirani yangu ananiambia niukate vipande nivipande kama pingili za muhogo, nisije nikaukosa wote. Na kuna bwana mmoja msafiri amenipigia simu, anasema ataniletea mwingine mkubwa zaidi, "wa porini kabisa", kwa bei ambayo nikijibana naiweza.

Naomba unisaidie. Je, unakufa? Niukate? Na huo wa porini niununue?

Mwalimu mstaafu, Arusha

JIBU

Mwalimu, shikamoo. Nimeisoma barua yako mara mbili, kwa sababu nami mmea wangu wa kwanza wa aina hiyo niliupoteza kwa njia hiyohiyo: kikombe cha maji kila asubuhi. Niliudhani una kiu, kumbe ulikuwa unazama.

Nianze na majibu mafupi, usikae na wasiwasi. Ile rangi ya kahawia chini pengine si ugonjwa. Kule kubonyea ndiko kunakotaka haraka. Kisu kiweke kando, maana mmea huu haupandwi kwa pingili. Na huo wa porini, Mwalimu, nakuomba usiununue. Sasa nieleze kila moja, maana ukiujua mmea huu ulikotoka, mengi utayaamua mwenyewe bila kuniuliza.

Kwao ni wapi

Euphorbia obesa hauoti popote duniani kwa asili isipokuwa sehemu ndogo ya Karoo Kuu, upande wa Graaff-Reinet, katika jimbo la Eastern Cape nchini Afrika Kusini. Ni nchi ya vilima vya mawe na vichaka vifupi. Mvua ya mwaka mzima huko ni kama milimita 200 hadi 300, na nyingi hunyesha majira ya joto. Kiangazi jua huwaka vikali, na usiku wa majira ya baridi huweza kuanguka jalidi. Mmea huota katikati ya mawe, mara nyingi chini ya kivuli chepesi cha kichaka, na rangi yake hufanana na mawe hayo kiasi kwamba mtu anaweza kuupita bila kuuona.

Mtaalamu wa mimea wa Uingereza, Joseph Dalton Hooker, ndiye aliyeuandika rasmi kwa jina hilo mwaka 1903. Obesa kwa Kilatini ni "mnene". Unene huo ni maji: mwili wote ni ghala. Mmea umeacha majani kwa sababu majani hupoteza maji, ukajikunja kuwa mviringo kwa sababu umbo hilo hubeba maji mengi kwa ngozi kidogo. Yale matuta manane hukunjuka mvua inaponyesha na kukunjana wakati wa ukame, kama kinanda cha mkono. Kwa hiyo kusinyaa kidogo wakati wa kiangazi si balaa. Ndivyo unavyoishi.

Wengi huuona wakadhani ni jamaa wa mpungate. Sivyo. Jamii ya mpungate asili yake ni bara la Amerika. Huu ni ndugu wa mnyaa. Ndiyo, Mwalimu, mnyaa huuhuu tunaouzungushia maboma, ule ambao Wamaasai huuita emanyara na inasemekana Ziwa Manyara limepata jina kwake. Wote wawili ni wa jenasi ya Euphorbia, yenye aina zipatazo 2,000. Ukoo mpana zaidi una muhogo na mnyonyo ndani yake. Ukiukata mmea wako utaona utomvu mweupe uleule wa mnyaa, na unajua unavyouma ukiingia jichoni. Hilo nitalirudia.

Kahawia na kubonyea ni mambo mawili

Euphorbia obesa ukizeeka, ngozi ya chini huanza kuwa ngumu na kahawia, kama gome. Hali hii hupanda taratibu sana, mwaka hadi mwaka. Haitibiwi kwa sababu si ugonjwa. Jaribu hivi: bonyeza hapo kwa upande wa kidole, usitumie ukucha. Pakiwa pakavu na pagumu kama kizibo cha chupa, ni umri. Pakiwa laini, pana unyevu au pana harufu, ni uozo.

Upande uliobonyea una maana mbili zinazopingana, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Mmea wenye kiu husinyaa. Lakini mmea ambao mizizi yake imeoza nao husinyaa, kwa sababu hauna tena cha kunywea. Mwenye mmea anaona umesinyaa, anaongeza maji, na mizizi michache iliyobaki nayo inaoza. Kwa hiyo usiangalie mmea peke yake, angalia udongo. Umesinyaa na udongo ni mkavu hadi chini, una kiu. Umesinyaa na udongo una majimaji, mizizi ina matatizo. Kwa kikombe cha kila siku, tena baada ya masika, nahofia wako uko katika kundi la pili.

Fanya haya wiki hii

Vaa glavu. Laza chungu ubavu, ugonge taratibu, utoe mmea na udongo wake. Ukung'ute udongo wote. Mizizi mizima ni migumu, ina rangi nyeupe au ya hudhurungi hafifu. Iliyooza ni myeusi, inateleza na kuchunika kama ganda la ndizi bivu.

Mizizi ikiwa mizima, au iliyoharibika ikiwa michache, kata iliyooza kwa wembe safi, uache mmea kivulini penye hewa kwa siku tano hadi wiki nzima bila udongo wala maji. Usiogope, haufi. Mmea huu unaweza kukaa nje ya udongo muda mrefu kuliko moyo wako utakavyoruhusu. Kisha upande kwenye mchanganyiko mkavu nitakaoueleza hapa chini, usubiri wiki nyingine moja ndipo umwagilie mara ya kwanza.

Uozo ukiwa umeingia mwilini, kazi ni nzito zaidi. Kata tako la mmea kipande chembamba kwa kipande, ukifuta wembe kwa spiriti kila mara, hadi ufike penye nyama safi isiyo na doa hata moja la kahawia. Doa moja likibaki, uozo utaendelea. Utomvu utamwagika, nyunyizia maji baridi mpaka ukome. Kidonda kikishakauka juu, kipake unga wa salfa, ileile wanayopulizia wakulima wa korosho. Uweke kivulini wiki mbili hadi tatu, kidonda kifunge kabisa, kisha uukalishe juu ya changarawe kavu. Unaweza kutoa mizizi mipya, lakini huchukua miezi, na si kila mara hufanikiwa. Nakwambia hivyo ili usijilaumu ukishindwa.

Kuhusu utomvu: usiuguse kwa mikono mitupu, usijipanguse uso. Ukiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa muda mrefu, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Chungu kiwekwe mahali wajukuu hawafiki.

Udongo na chungu

Udongo mweusi wa bustani, ule unaostawisha mboga na waridi zako, ndio adui wa mmea huu. Hushika maji siku nyingi. Na wewe una bahati ya mahali: unakaa chini ya Mlima Meru, ambao ni volkano. Tafuta vile vijiwe vyepesi vyenye vitundutundu, vyenye ukubwa wa punje ya mahindi au kasoro kidogo. Vichekeche, uondoe vumbi lote, maana vumbi huziba hewa. Chukua sehemu mbili za vijiwe hivyo, sehemu moja ya mchanga mnene wa mtoni uliooshwa, na sehemu moja ya udongo wa kawaida uliochekechwa. Wasomaji wa pwani wasitumie mchanga wa baharini, una chumvi.

Chungu cha udongo wa kuchoma kinafaa kuliko cha plastiki kwa mtu mwenye mkono wa maji, kwa sababu chenyewe hupumua na kukauka ubavuni. Kiwe na tundu chini, na kiwe kirefu kwenda chini kuliko kilivyo kipana, maana mmea huu una mzizi mkuu unaoshuka. Kipenyo kizidi mmea kwa vidole viwili tu. Chungu kikubwa kupita kiasi hubaki na udongo mbichi ambao hakuna mzizi wa kuunywa. Kisahani cha chini kiondoe, au kimwage maji kila ukimaliza kumwagilia.

Maji

Kanuni ni moja: lowanisha kabisa, kisha acha ukauke kabisa. Ukimwagilia, mwagilia hadi maji yatoke chini, siyo kijiko kimoja juu juu. Halafu usiguse tena mpaka udongo wote ukauke. Utajuaje? Chomeka njiti ya mshikaki hadi chini ya chungu, iache dakika kumi, ichomoe. Ikitoka na unyevu au udongo ulionata, subiri. Ukishazoea, uzito wa chungu mkononi utakwambia bila njiti.

Kalenda ya Arusha ina jambo moja la kuzingatia. Huko Karoo mvua na joto huja pamoja, na baridi huja na ukavu. Kwetu masika hunyesha Machi hadi Mei, kisha kipupwe cha Juni hadi Agosti huja na mawingu na baridi juu ya udongo ambao bado umelowa. Baridi na unyevu vikikutana kwenye mizizi, ndipo uozo unapoanza. Ndiyo maana wako umeanza kuonyesha dalili baada ya masika. Basi, kuanzia mvua za kwanza za Machi, uweke chini ya paa penye mwanga. Juni hadi Agosti uupe maji mara moja kwa mwezi, nusu ya kawaida. Ukisinyaa kidogo uache. Septemba joto likirudi, rudi kwenye umwagiliaji kamili, ambao kwa chungu cha udongo utakuta ni kila siku kumi hadi kumi na nne. Hizo siku ni makadirio. Njiti ndiyo hakimu.

Anayeishi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa ana shida nyingine: hewa yenyewe ina unyevu. Yeye aongeze vijiwe hadi robo tatu ya mchanganyiko, na achague mahali pepo zinapopita.

Mwanga, chakula na wadudu

Mmea huu unataka mwanga mwingi. Ukikosa mwanga hurefuka na kuchongoka juu kama yai, na umbo hilo halirudi nyuma. Hata hivyo, usiutoe ndani ukauweka juani siku hiyohiyo. Utaungua, na kovu la kuungua halifutiki. Uzoeshe kwa wiki mbili au tatu: kwanza jua la asubuhi kwa saa moja, kisha mbili, kisha tatu. Kibaraza kinachotazama mashariki kinafaa sana. Jua la saa saba mchana ulipunguzie kwa wavu au kivuli chepesi. Baada ya miaka mingi utaanza kurefuka wenyewe, hata kufikia sentimita 20 hivi. Huo ni utu uzima wake, si kosa lako.

Mbolea ni kidogo sana. Mara mbili au tatu katika miezi ya joto, mbolea ya maji yenye naitrojeni kidogo, ikizimuliwa hadi robo ya kipimo cha kwenye chupa. Samadi mbichi hapana.

Wadudu ni wawili wa kuwaangalia. Vidung'ata ni vile vinavyofanana na pamba. Hujificha juu kwenye mabaki ya maua na chini kwenye mizizi. Wale wa juu waguse mmoja mmoja kwa kijiti cha pamba kilicholowekwa spiriti, wa mizizini waoshe kwa maji na ubadilishe udongo. Utitiri mwekundu hauonekani kwa urahisi. Unaona ngozi imepata vumbi la kahawia karibu na juu. Hupenda mahali pakavu pasipo hewa, kwa hiyo dawa ya kwanza ni kuhamisha chungu kwenye upepo.

Kwa nini usiukate

Jirani yako anakutakia mema, na kwa muhogo yuko sahihi. Lakini Euphorbia obesa una shina moja tu. Hautoi machipukizi kando kwa kawaida yake, na kipande cha ubavu hakitakuwa mmea. Ukiukata vipande utakuwa na vidonda vingi, hutakuwa na miche mingi. Njia yake ya kuongezeka ni mbegu.

Na mbegu zina sharti: mmea wa kiume ni mbali na wa kike ni mbali, kama mpapai. Angalia vijiua vidogo vinavyotoka kileleni. Cha kiume kina poda ya manjano. Cha kike kina ncha ndogo iliyogawanyika mara tatu, na chini yake kifuko kinachoanza kuvimba. Tafuta mwenzako mwenye mmea wa jinsia nyingine, chukua brashi laini, hamisha poda kutoka kwa dume hadi kwa jike. Tunda litakalotokea lina vyumba vitatu na mbegu tatu, sawasawa na la mnyonyo, na kama mnyonyo likikauka hupasuka kwa nguvu na kurusha mbegu mbali. Kwa hiyo livalishe kipande cha chandarua mapema, ukifunge kwa uzi bila kukaza.

Mbegu zipandwe zikiwa mpya, juu ya mchanganyiko uleule uliochekechwa zaidi, zifunikwe kidogo tu. Weka unyevu na joto bila jua kali. Kwa kawaida huota ndani ya wiki moja hadi tatu. Miche itakuwa kama punje za njegere mwaka wa kwanza. Kufikia ukubwa wa mpira wa tenisi itahitaji miaka, mitano na zaidi. Wewe umelea darasa baada ya darasa, kwa hiyo kungoja si jambo geni kwako.

Kuhusu huo wa porini

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu.

Baada ya mmea huu kujulikana Ulaya mwanzoni mwa karne iliyopita, wakusanyaji waliufuata huko Karoo wakaung'oa kwa wingi, hata ukakaribia kuisha katika makazi yake. Haukuisha, na sababu moja ni kwamba wakulima wa bustani walijifunza kuukuza kwa mbegu. Leo iliyomo vyunguni duniani ni mingi kuliko iliyobaki kwenye mawe yake. Afrika Kusini ina sheria za kuulinda, na mmea huu, kama Euphorbia nyingi zinazohifadhi maji mwilini, uko kwenye Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Pamoja na hayo, tangu mwaka 2019 hivi wizi wa mimea midogo ya ukame katika nchi hiyo umepanda sana, na kichochezi ni wanunuzi wa mbali wanaotaka kitu cha nadra sebuleni.

Basi msafiri huyo akikuletea "wa porini kabisa", amekuuzia kitu kilichoibwa kilimani. Akikosa kibali cha kusafirisha na cheti cha afya ya mimea, ataukamatisha mpakani au ataupenyeza na wadudu wake hadi kwako. Kwa Tanzania wanaohusika na cheti hicho ni TPHPA, ambao makao yao yako hapohapo kwenu Ngaramtoni. Kwa Kenya ni KEPHIS. Waulize kabla ya kupokea mmea wowote kutoka nje. Tena ujue kwamba mmea mkubwa uliong'olewa hupoteza mizizi mingi, na mara nyingi hufa taratibu mwaka wa kwanza au wa pili, mwenye pesa zake akidhani amekosea kumwagilia.

Utautambuaje? Wa porini huwa na makovu, mikwaruzo ya mawe, gome lililopanda juu bila mpangilio, na mzizi mkuu uliokatwa. Wa kitaluni una ngozi safi, na muuzaji anaweza kukueleza mbegu ilipandwa lini na ilitoka kwa mmea gani. Anayejibu kwa kuzungukazunguka, mwache.

Mwalimu, leo jioni utoe mmea wako chunguni, uangalie mizizi, uuache ukauke. Zile pesa ulizotaka kujibana nazo, nunua mmea mwingine uliokuzwa kwa mbegu, wa jinsia isiyo ya mmea wako. Ukipata mbegu, mgawie jirani yako badala ya pingili. Na bwana yule akipiga tena simu, mwambie huhitaji.